Nilikuwa Nakwangua, Nikidhani Nakata Kona

Kiti cha lifti inayopandisha watu mlima wa theluji kilisimama ghafla. Bila shaka kule chini kuna mtu aliyeanguka akijaribu kupanda. Hutokea mara nyingi tu. Nikabaki naning'inia hewani, miguu ikivutwa na uzito wa skii, zile mbao ndefu za kutelezea, sina la kufanya ila kutazama theluji. Chini yangu kulikuwa na mteremko niliotoka kuuteremka muda si mrefu. Ilikuwa asubuhi mapema, mashine zilikuwa zimeusawazisha usiku, na waliokwisha kupita walikuwa wachache. Alama za kila mmoja zilisomeka kama mwandiko.

Zangu nilizitambua mara moja. Nilikumbuka mahali nilipoyumba karibu na nguzo, na alama ya kuyumba ilikuwa pale pale. Kila kona ilikuwa imekwangua theluji kwa upana wa mlango, kana kwamba mtu amepita akiburuta gunia. Baina ya kona na kona palikuwa na mstari wa mshazari, umenyooka, kisha ghafla mkwanguo mwingine.

Hatua chache pembeni zilipita alama za mtoto. Nilikuwa nimemwona wakati nateremka: kofia ngumu ya njano, hana hata fimbo, mikono ameitandaza kama ndege. Alikuwa ameacha mistari miwili myembamba, sambamba, inayopinda kushoto na kulia kama iliyochorwa kwa bikari. Hakuna mkwanguo. Hakuna mahali ilipovunjika.

Lifti ikaondoka tena. Ile mistari miwili haikuniondoka kwa wiki sita.

Neno lililokuwa mdomoni siku zote

Tunasema "kukata kona" bila kufikiri. Dereva anakata kona, mwendesha baiskeli anakata kona, mtu anayemkwepa mdai wake naye anakata kona. Katika mchezo huu wa kuteleza kwa skii, neno hilo si mafumbo hata kidogo. Ama unakata kweli, kama kisu kinavyokata, ama hukati.

Skii ina kiuno. Mbele ni pana, katikati ni nyembamba, nyuma inapanuka tena. Ukiilaza ubavu na kuikandamiza, inajipinda, na ukingo wake wa chuma unachora tao kwenye theluji. Mkia wa skii unapita katika mfereji ule ule uliofunguliwa na ncha. Huko ndiko kukata. Ukiisukuma skii ikaenda kiupandeupande, mkia ukitupwa nje ya njia ya ncha, huko ni kukwangua: theluji inaruka, kelele inatoka, mwendo unapungua, na unajisikia umefanya kazi kubwa.

Nilijisikia nimefanya kazi kubwa kwa miaka mitano.

Kwanza nililaumu vifaa

Sitajifanya mwema hapa. Jambo la kwanza nililofanya baada ya siku ile ya lifti ni kwenda kukodi skii nyingine.

Kwenye skii nyingi kumeandikwa nambari ndogo ya nusu kipenyo, kwa mita. Ni nusu kipenyo cha duara ambalo kiuno cha skii kingelichora. Zangu ziliandikwa 15. Nikajiambia kwamba hapo ndipo tatizo lilipo, nikachukua za 12, fupi zaidi, za mtindo wa slalomu, yaani mbio za kupinda kati ya malango ya vijiti. Nikaenda mteremko ule ule, saa ile ile ya asubuhi, nikapanda lifti ile ile nikachungulia chini.

Gunia lile lile, ila sasa limeburutwa kwa pupa.

Kitu ambacho sikukielewa wakati ule ni kwamba ile nambari ni mwanzo tu wa hesabu. Kadiri unavyoilaza skii, ndivyo tao linavyozidi kuwa dogo. Skii ya mita 15 ikilazwa nyuzi 45 kwenye theluji ngumu huchora tao la takriban mita 11. Ikilazwa nyuzi 60, tao linabaki nusu, mita 7 na nusu hivi. Kwa hiyo mtu mwenye skii za 15 anayejua kuzilaza atakata kona fupi kuliko mimi na skii zangu za 12 zilizolala kifudifudi kama chapati.

Kisha nikanoa kingo. Fundi aliziweka nyuzi 88, na kwenye vipande vya barafu nilihisi tofauti. Alama? Zile zile.

Aliyenifungia mlango wa visingizio ni Ingemar Stenmark, bila yeye kujua. Msweden huyu alishinda mashindano 86 ya Kombe la Dunia la skii kati ya 1974 na 1989, yote katika slalomu na slalomu kubwa, yaani michezo ambayo kona ndiyo kila kitu. Rekodi hiyo ilikaa mpaka Machi 2023, Mmarekani Mikaela Shiffrin alipofikisha 87 huko Åre, Sweden. Sasa tazama tarehe. Skii zenye kiuno kilichobonyea sana tunazotumia leo zilianza kuenea miaka ya 1990; kampuni ya Elan ya Slovenia ilitoa skii yake ya SCX mwaka 1993. Stenmark alikuwa ameshastaafu. Alikata matao yake kwa mbao ndefu, karibu zimenyooka, ambazo leo mtu akikupa utadhani anakutania.

Nikabaki na mshukiwa mmoja tu, na alikuwa amevaa nguo zangu.

Lakini niwe mkweli, kifaa kimoja kilikuwa na hatia kweli: viatu. Nilikuwa nimenunua vya kustarehesha. Kiatu cha skii kinachostarehesha dukani ni kiatu kikubwa. Jaribio lake ni rahisi: toa soksi nene ya ndani ya kiatu, ingiza mguu kwenye ganda tupu, sukuma vidole mpaka viguse mbele, kisha pima nafasi nyuma ya kisigino. Kidole kimoja, labda viwili vyembamba, ni sawa. Kwangu vilipita vitatu bila kubanwa. Maana yake ni kwamba kila nilipougeuza mguu, mguu uligeuka ndani ya kiatu kwanza, kiatu kikafuata baadaye, na skii ikapata habari mwisho kabisa. Nilibadilisha viatu. Nililia wiki nzima kwa maumivu ya vifundo. Alama zikawa nyembamba kidogo.

Kidogo.

Herufi isiyo sahihi

Rafiki yangu alinipiga video kwa simu, amesimama chini ya mteremko. Mtu yeyote anayejifunza mchezo wowote ajiandae kabla ya kutazama video yake ya kwanza. Kichwani mwangu nilikuwa naelea. Kwenye simu kulikuwa na mtu aliyeinama kiunoni kama anayetafuta funguo, akiogopa kitu.

Nilikuwa nimeshika ule usemi wa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kila mtu alikuwa ananiambia "kunja, kunja," nami nikakunja mgongo. Walichotaka ni vifundo na magoti, muundi ukiegemea ulimi wa kiatu.

Tatizo kubwa, hata hivyo, lilikuwa mabega. Kila kona ilianza nayo. Niliyatupa kule ninakotaka kwenda, kama mtu anayefungua mlango uliokwama kwa kuusukuma kwa bega, na miguu ikaburuzwa nyuma yake. Kiungo kilichoumbwa kufanya kazi hiyo ni nyonga: mfupa wa paja unazunguka ndani ya tundu lake huku kiwiliwili kimetulia kikitazama bondeni. Mimi nilikuwa nageuza nyumba nzima ili kufungua dirisha.

Nilirudia video ile labda mara arobaini. Mara ya arobaini nikaona umbo la njia yenyewe. Nilidhani naandika S. Nilikuwa naandika Z.

"Kona yako inaanzia wapi?"

Mwalimu niliyempata alikuwa mwanamke mtu mzima, mkavu wa maneno, mwenye uso uliochomwa na jua mpaka kwenye mstari wa miwani. Nilimweleza kila kitu: alama, skii, viatu, video, Stenmark. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipeleka kwenye mteremko wa wanaoanza.

Kulikuwa na watoto wa miaka minne wakishuka kwa kabari, ncha zimekutana, mikia imetanuka. Nami katikati yao, na viatu vyangu vipya vya bei mbaya.

Kwanza hakutaka kona yoyote. Alitaka nisimame nimekingama mteremko na kuteleza kiupandeupande, moja kwa moja kuelekea chini, kisha nisimame. Tena. Nusu ya mwendo. Robo. Kwa dakika ishirini nzima nilikuwa nateleza na kusimama kama mzee anayeshuka ngazi gizani.

"Unatumia ukingo kama swichi ya taa," akasema. "Kuwaka, kuzima. Ukingo ni kama bomba la maji. Fungua kidogo kidogo."

Hilo nililielewa kwa vifundo kabla ya kulielewa kwa kichwa. Sikuwa nimewahi kuwa na robo ya ukingo maishani mwangu. Nilikuwa na yote au sina kabisa.

Kisha akauliza swali ambalo naandika makala hii kwa sababu yake.

"Kona yako inaanzia wapi?"

Nikamwonyesha kwa fimbo. Pale, pale ambapo skii zinatazama chini moja kwa moja.

Akatikisa kichwa. "Hapo imeshafika katikati."

Nikanyamaza. Nilijua kabisa kwamba yuko sahihi, na nilijua kabisa kwamba sijawahi hata siku moja kufanya ile nusu ya kwanza. Nilikuwa nairuka. Natoka mshazari huu, narusha mabega, skii zinazunguka kwa kasi kupita ile sehemu inayotisha ambapo ncha zinatazama bondeni, na ninatokea upande wa pili tayari kwa kufunga breki. Ile theluthi ya juu ya tao, ambayo skii zinapaswa kulazwa taratibu na kuanza kukata kabla hata hazijageukia chini, haikuwepo kwenye mwandiko wangu. Ndiyo maana ilikuwa Z. Z haina mabega ya mviringo.

Mguu unaokubeba

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu kuliko kwingine kote.

Ukiwa kwenye basi linalokata kona, mwili hutupwa nje na mguu wa upande wa nje ndio unaopokea mzigo. Kwenye skii ni vivyo hivyo: ukikata kushoto, skii ya kulia ndiyo inayobeba. Mwisho wa kona, skii hiyo ya nje iko upande wa chini wa mlima. Umesimama juu yake. Unaiamini. Ndiyo inayokuzuia usiporomoke.

Na ili kona ijayo ianze, ndiyo hiyo unayopaswa kuiachia.

Hakuna njia ya kuzunguka jambo hili, nimetafuta. Mguu wa chini lazima ulegee, skii yake ilale bapa, ukingo wake uachane na theluji. Mwili, ambao mpaka sasa ulikuwa upande wa mlima, unavuka juu ya skii na kwenda upande wa bonde. Kwa kitambo kidogo, chini ya sekunde moja, huna ukingo wowote. Wa zamani umeshauacha na mpya haujashika. Umening'inia kuelekea kule kule unakokuogopa.

Mwili wangu ulikataa. Niliuamuru kwa maneno yote, ukakataa kwa adabu kabisa. Mwili una busara yake: ukiwa ukingoni mwa kitu kirefu, rudi nyuma, shika ukuta. Busara hiyo imetuokoa wengi kwenye ngazi na mapaa. Kwenye theluji ndiyo inayokuangusha, kwa sababu ukiegemea mlima unaondoa uzito kwenye skii ya nje, na skii isiyo na uzito haikati, inapeperuka. Kwa hiyo unateleza. Kwa hiyo unaogopa zaidi. Kwa hiyo unaegemea zaidi.

Mabega yangu, nilikuja kuyaelewa pale. Hayakuwa kosa la ufundi. Yalikuwa hila ya kuwahi kupita lile eneo nikiwa nimefumba macho.

Mwalimu hakunipa nasaha juu ya hofu, namshukuru kwa hilo. Alinipa kidole. "Sahau kona," akasema. "Mwisho wa kila kona tafuta kidole kidogo cha mguu wa chini. Uzito ulikuwa kwenye kidole gumba. Uviringishe uende kwenye kidogo. Basi. Usifanye kingine."

Mara ya kwanza sikufanya lolote na nikaishia pembeni, kwenye theluji laini. Mara ya pili pia. Mara ya sita au ya saba nikaviringisha nyayo, nikasubiri, nikahisi skii ya chini inalainika chini yangu kama mtu aliyeachia pumzi, na zote mbili, zenyewe, bila bega wala kelele, zikaanza kuelekea bondeni. Taratibu. Nilikuwa na muda. Hilo ndilo lililonishangaza: palikuwa na muda pale juu ambao sikuwahi kujua upo. Skii ya nje ikashika mapema, nikiwa bado natazama upande mwingine karibu, na nikaisikia.

Haikutoa sauti ya kukwangua. Ilitoa mlio mwembamba, kama kitambaa kinachopasuliwa.

Nikaanguka mara moja baada ya hapo, kwa furaha tu.

Kuinua mkia

Zoezi lililofuata nimelifanya mara nyingi kiasi kwamba nalifanya hata jikoni. Kabla ya kona kuanza, unainua mkia wa skii itakayokuwa ya ndani, ncha ikibaki imegusa theluji, na unakaa hivyo mpaka kona iishe. Ukiwa na uzito mahali pasipo pake utajua papo hapo, maana mguu utashuka kama jiwe. Halidanganyiki. Nilijaribu kulidanganya kwa kuinua mguu baada ya kona kuwa imeshapita katikati; mwalimu alikuwa anahesabu.

Mazoezi mengine yapo na yanafaa: mikono kiunoni, fimbo zimeshikwa mlalo mbele ya kifua ili uone kiwiliwili kinavyopinda, matao mapana kwenye mteremko karibu bapa ambako unailaza skii kwa vifundo tu na kuiacha ichore. Hilo la mwisho ndilo linaloacha mistari kama reli. Chagua sehemu pole kabisa, pasipo na watu nyuma wala mbele.

Kuhusu fimbo, nilitegemea kuandika mengi. Iguse theluji kama unavyoweka mkato katika sentensi, kisha endelea.

Siku niliyozidisha

Wiki ya nne nilikuwa nimeshalewa. Mistari miwili myembamba, kila mahali, kwa kila hali. Nikaupanda mteremko wa wastani, si mkali sana lakini si wa kuchezea, nikaamua kutokwangua hata mara moja.

Kuna jambo ambalo wapenzi wa kukata hawalisemi kwa sauti: tao lililokatwa sawasawa halifungi breki. Skii inayopita kwenye mfereji wake haina kitu cha kuizuia. Kona ya kwanza ilikuwa tamu, ya pili tamu zaidi, ya tatu nilikuwa naenda kwa mwendo ambao sijawahi kwenda, na chini yangu alikuwepo mtu akikingama polepole, mgongo kanipa. Kanuni ya tatu kati ya kumi za FIS, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, inamtaka anayetoka nyuma achague njia isiyomhatarisha aliye mbele. Naijua kwa moyo. Nilimpita kwa umbali ambao sitautaja.

Nilisimama pembeni, magoti yakitetemeka, nikajiuliza kama nimepoteza wiki nne kujifunza namna maridadi ya kuua mtu.

Shaka hiyo ilikaa nami siku kadhaa, nayo ilikuwa na faida. Nilianza kuwatazama wanamashindano kwa makini, si kwa kusujudu. Kwenye slalomu kubwa, lango likiwa limekaa vibaya, hata wao huingia kona kwa kuteleza kiupandeupande kwanza, kisha wanakaba ukingo na kukata. Wanakwangua! Kwa makusudi, kwa kiasi wanachokitaka, mahali wanapopataka. Sheria zenyewe zinawabana: skii za slalomu kubwa lazima ziwe na nusu kipenyo kisichopungua mita 30, na lango halisubiri tao la mita 30.

Mathias Zdarsky, mmoja wa waasisi wa mchezo huu, aliyewapanga watu kwenye Muckenkogel huko Lilienfeld, Austria, tarehe 19 Machi 1905 wapite malango 85, alikuwa mtu wa fimbo moja na miteremko mikali. Kwake swali lilikuwa kufika chini mzima ukiwa unautawala mwendo. Kona ilikuwa jibu la swali hilo. Mimi nilikuwa nimeligeuza jibu kuwa pambo.

Kwa hiyo nikarudi kwenye umbo. Ukitaka mwendo upungue bila kukwangua, usiharakishe kuiacha kona. Iache izunguke mpaka ncha zitazame kando, hata juu kidogo, na mlima wenyewe utakupunguzia. Ikiwa mteremko ni mwembamba na hakuna nafasi ya kuzunguka, kwangua, kwa robo ile ya bomba, miguu yote miwili kwa pamoja, kiwiliwili kimetulia. Alama itakuwa pana. Haina aibu. Aibu, kama ipo, ni ile ya mabega: kukwangua kwa sababu umeshindwa kungoja.

Siku hizi nikitazama alama naweza karibu kutofautisha. Mkwanguo wa makusudi huanza taratibu na kuisha taratibu. Mkwanguo wa hofu huanza kwa pigo.

Kulia

Siku yangu ya mwisho msimu ule nilifika kabla lifti haijafunguliwa. Baridi kavu, theluji ngumu iliyosawazishwa, hakuna mtu aliyenitangulia ila wafanyakazi wa mlima. Niliteremka mara moja tu bila kusimama. Kidole kidogo, ngoja, skii ya nje. Kidole kidogo, ngoja. Sikuwa nafikiri juu ya mtoto wa kofia ya njano, au labda kidogo.

Nilipanda lifti na mzee mmoja mwenye miwani ya zamani. Tulipofika juu ya ule mteremko nikainama kuchungulia mpaka akanishika mkono, akidhani nimeangusha kitu.

Kona za kushoto, ambazo mguu wa kulia ndio unaobeba, zilikuwa nyembamba tangu juu. Mistari miwili, karibu sambamba. Nilizitazama kama mtu anayetazama jina lake gazetini. Kona za kulia zilikuwa nyembamba kuanzia katikati tu. Ile theluthi ya juu, kila moja, ilikuwa na kipande kilichofagiliwa, upana wa kiganja. Mguu wangu wa kushoto bado unataka ahadi kabla ya kupokea mzigo, na wa kulia bado hautaki kuachia.

"Zile alama ni zako?" mzee akaniuliza.

"Za kushoto ndiyo, mzee," nikamjibu.